Stata ya Mota Inakataa Kujishika Kwenye Simulesheni: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Umechora saketi ya stata kwenye kompyuta, umebonyeza kitufe cha kijani na kontakta, ile swichi kubwa inayovutwa na koili, imeingia. Umeachilia kitufe, kontakta imetoka. Au haikuingia kabisa. Au imeingia, na sasa kitufe chekundu hakiitoi. Wanafunzi wa umeme hapa Nairobi, kuanzia wa chuo cha Kabete hadi wale wanaojiandaa kwa mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hukutana na shida hizi kila mara, na wengi hufuta mchoro mzima wakaanza upya. Usifute. Saketi iliyokosewa ina habari zote za kosa lake, na ukiifuta umetupa ushahidi.

Katika kila dalili hapa chini nitauliza swali lile lile: saa hii, koili inapata stima kupitia njia gani? Ukilijibu kwa kidole, ukifuata waya baada ya waya kutoka fezi hadi nyutro, utafika kwenye chanzo au utakuwa umekikaribia sana.

Saketi yenyewe

Kenya tunatumia volti 240 kati ya fezi na nyutro, na volti 415 kati ya fezi na fezi, kwa hezi 50. Nachukulia koili ni ya volti 240. Njia ya udhibiti inatoka kwenye fezi moja, inapita fyuzi, kisha mguso fungwa wa ovalodi (kinga ya mota dhidi ya mkondo uliozidi) wenye namba 95-96, kisha kitufe chekundu ambacho kikiwa kimetulia kimefungwa, kisha kitufe cha kijani ambacho kikiwa kimetulia kiko wazi, halafu inaingia koili kwa A1 na kutoka kwa A2 kwenda nyutro. Sambamba na kitufe cha kijani, na hicho peke yake, unaweka mguso saidizi 13-14 wa kontakta ile ile. Huo ndio unaoshika koili baada ya kidole kuondoka.

Namba hizi ni za mfumo wa IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, na utazikuta kwenye uso wa karibu kila kontakta inayouzwa katika maduka ya umeme ya katikati ya jiji. Namba ya mwisho ndiyo yenye maana: mguso saidizi unaoishia na 3 na 4 uko wazi kontakta ikiwa imetulia (NO), na unaoishia na 1 na 2 umefungwa (NC). Miguso mikubwa ya mota ni 1-2, 3-4 na 5-6. Zoea namba hizo hata kwenye skrini, kwa sababu programu nyingi za kuigiza huziandika vivyo hivyo.

Jambo jingine la kujua kabla ya kutafuta hitilafu ni aina ya programu unayotumia. CADe SIMU na wenzake huangalia tu kama mguso umefungwa au uko wazi. Koili ikipata njia kamili inaingia papo hapo. LTspice, au ile saketi ya Paul Falstad inayofunguka kwenye kivinjari, hukokotoa volti na mikondo kila sehemu ndogo ya sekunde. Kisha kuna programu za PLC, yaani kompyuta ndogo ya kudhibiti mashine, ambazo hazina koili halisi, zina biti tu. Dalili moja inaweza kuwa na chanzo tofauti katika kila aina, kwa hiyo usichukue dawa ya moja ukaipeleka kwa nyingine.

Inaingia ukibonyeza, inatoka ukiachilia

Hii ndiyo dalili inayojitokeza zaidi ya zote, na inakuambia mambo mazuri mengi: fezi ipo, nyutro ipo, ovalodi imefungwa, kitufe chekundu kimefungwa, koili ni nzima. Kila kitu kwenye mstari mkuu kinafanya kazi. Kilichokosekana ni njia ya pili tu.

Shikilia kitufe cha kijani usikiachilie, kisha utazame mguso 13-14 kwenye skrini. Je, umefungika?

Kama haukufungika, shida ni jina. Katika programu za miguso, mguso saidizi ni alama tu ya karatasi mpaka uupe jina la koili yake. Koili ikiitwa KM1 na mguso ukaitwa K1, programu inaona vifaa viwili visivyojuana. Nafasi tupu iliyoachwa mwisho wa jina bila kukusudia inaweza kuleta shida hiyo hiyo, na hiyo huioni kwa macho. Futa jina lote uliandike tena. Kama ulinakili koili kutoka mchoro mwingine, hakikisha jina halikubadilika lenyewe wakati wa kubandika.

Kama mguso ulifungika lakini koili bado inaachia, shida ni waya. Ncha moja ya 13-14 haijafika inakopaswa kufika. Vuta mchoro karibu. Nyaya mbili zinazopishana bila kidoti hazijaungana, na ncha ya waya iliyokoma kabla ya kugusa mguso huonekana imeunganishwa ukiitazama kwa mbali. Programu nyingi hubadilisha rangi ya waya ulio na stima, basi tumia rangi hiyo: ukiwa bado umeshikilia kitufe, waya wa 13 na wa 14 yote inapaswa kuwa na rangi ya stima. Sasa sogeza 13-14 pembeni kidogo. Waya usioufuata mguso haukuwa umeungana nao.

Kuna mpangilio mmoja unaofanana na huu lakini si huu. Mwanafunzi ameweka 13-14 kwenye mstari mmoja na kitufe cha kijani, kimoja baada ya kingine. Hapo koili haiingii hata ukibonyeza, kwa sababu mguso unasubiri koili na koili inasubiri mguso.

Inagonga-gonga mara tu unapowasha

Hujagusa kitufe, lakini kontakta inaingia na kutoka bila kukoma, au programu inaganda. Umetumia 21-22 mahali pa 13-14. Fuata kidole: stima inapita mguso fungwa, koili inaingia, mguso unafunguka, koili inatoka, mguso unafungika tena. Ukibonyeza kitufe cha kijani na kukishikilia, kelele inakoma na kontakta inatulia, kwa kuwa sasa kitufe kinatoa njia isiyokatika. Dalili hiyo ya kutulia ndiyo inayothibitisha.

Kuna mgongaji wa pili ambaye husubiri mpaka ubonyeze. Ukiona kontakta inagonga wakati umeshikilia kitufe cha kijani tu, tafuta mguso fungwa wa kontakta hiyo hiyo uliowekwa kwenye mstari mmoja na koili yake. Hutokea sana katika michoro ya mota inayozunguka mbele na nyuma: kizuizi cha KM2 kilipaswa kukaa mbele ya koili ya KM1, lakini mchoraji akaandika KM1 kwenye yote miwili.

Ukibonyeza, kimya

Hapa mstari mkuu umekatika mahali. Anza kwenye fezi na ushuke, ukiangalia stima inaishia wapi.

Ikiishia kwenye kitufe chekundu, umechagua kitufe cha aina ya wazi. Wengi huchukua vitufe viwili vinavyofanana kutoka kwenye orodha na kubadilisha rangi tu, na rangi haibadilishi mguso. Ikiishia kwenye ovalodi, ama umechora 97-98, ambao ni wa taa ya onyo, ama uligusa ovalodi kwa bahati mbaya na programu ikaiweka katika hali ya kuruka. Bonyeza tena uirudishe. Ikifika A1 na koili isiingie, A2 haina nyutro. Na ikiwa programu yako inajali volti, hakikisha koili ya 415 haijapewa 240, au koili ya 24 haijaunganishwa kwenye chanzo kisicho chake. LTspice nayo hukataa kufanya kazi ikiwa hakuna nodi ya ardhi, yaani nodi namba 0, popote kwenye mchoro.

Kwenye PLC, dalili hii karibu kila mara ni kitufe chekundu. Kitufe halisi kimefungwa kikiwa kimetulia, kwa hiyo ingizo lake linasoma 1 muda wote na kushuka hadi 0 unapobonyeza. Ndani ya kidato cha lada, yaani mstari mmoja wa programu ya PLC, unapaswa kutumia alama ya mguso wazi kwa ingizo hilo, ambayo huruhusu njia ingizo likiwa 1. Anayefikiri kwamba kitufe fungwa lazima kichorwe kwa alama ya mguso fungwa anapata kidato kilichokatika daima. Kuna na nusu ya pili ya tatizo: simulesheni ya PLC inapoanza, maingizo yote ni 0, maana hakuna kitufe halisi kilichounganishwa. Kompyuta inaamini mtu amekalia kitufe chekundu. Weka ingizo hilo kuwa 1 kwa mkono kwanza, ndipo ubonyeze cha kijani.

Tafadhali usilitatue hilo kwa kubadilisha alama kwenye lada ili simulesheni ipite. Ukifanya hivyo, siku ya kufunga kitufe halisi utalazimika kuweka kitufe chekundu cha aina ya wazi ili kazi iende, na waya wake ukikatika hakuna atakayejua mpaka siku mtu atakapokihitaji kusimamisha mashine. Kitufe fungwa kikikatika waya, mota inasimama yenyewe. Ndiyo sababu tunakitumia.

Kitufe chekundu hakizimi

Kuna hali tatu hapa, na unazitenganisha kwa kutazama kinachotokea unapobonyeza na kinachotokea unapoachilia.

Hali ya kwanza: mota haibadiliki kabisa ukibonyeza. Koili ina njia isiyopita kwenye kitufe chekundu. Fuata mguso 13-14 kuelekea juu: waya wa 13 umechukuliwa kabla ya kitufe chekundu badala ya baada yake. Mchoro unaonekana nadhifu, mguso umezunguka vitufe vyote viwili, na kuanza kunafanya kazi vizuri kabisa. Ndiyo maana kosa hili hupita mitihani ya haraka. Liangalie kwa jaribio hili: kabla mota haijaanza, shikilia chekundu kisha ubonyeze cha kijani. Mota haitaanza. Sasa iache ianze, halafu ubonyeze chekundu. Haitasimama. Kitufe kinachoweza kuzuia kuanza lakini hakiwezi kusimamisha kimerukwa na njia ya mshiko.

Hali ya pili: mota inasimama ukibonyeza, lakini ukiachilia tu inaanza tena. Kitufe chekundu ni kizima na kiko mahali pake. Tatizo liko sambamba na cha kijani: kuna kitu kimefungika hapo ambacho si mguso wa kontakta. Mara nyingi ni kitufe cha kijani chenyewe. Umechagua swichi inayobaki ilipowekwa badala ya kitufe kinachorudi, au programu yako ina njia ya kukifunga kitufe kwa kipanya na umekifunga bila kujua. Mara nyingine ni waya mmoja uliounganisha juu na chini ya kitufe.

Hali ya tatu ni ya vituo viwili. Mashine ndefu ina vitufe mlangoni na vingine mwisho wa karakana. Vya kijani vinakaa sambamba, vyekundu vinakaa kwenye mstari mmoja. Ukiweka vyekundu sambamba, hakuna hata kimoja kitakachosimamisha mota mpaka vibonyezwe vyote kwa pamoja, na anayejaribu simulesheni kwa kipanya kimoja kwa kawaida hawezi kuvibonyeza pamoja.

Kwenye PLC ongeza uwezekano mmoja: tokeo moja limeandikwa kwenye vidato viwili. PLC husoma programu kutoka juu hadi chini, na kidato cha mwisho ndicho kinachoshinda. Kidato cha kwanza kinaweza kuizima mota vizuri kabisa, kisha cha saba kikaiwasha kabla tokeo halijabadilika. Tafuta jina la tokeo kwenye programu nzima. Likionekana kama koili zaidi ya mara moja, umepata.

Koili imeingia, mota haizunguki

Hii ni fupi. Upande wa udhibiti umemaliza kazi yake, hamia kwenye nyaya nene. Miguso 1-2, 3-4, 5-6 haina jina la koili, au breka kuu iko chini, au chanzo cha fezi tatu hakijachorwa. Ikiwa mota inaunguruma kwenye programu inayoonyesha hivyo, fezi moja imekatika.

Inashika wakati mwingine tu: saketi za LTspice na Falstad

Hapa ndipo watu hukata tamaa, na ningependa tukae kidogo, kwa sababu programu hizi zinafundisha kitu ambacho zile za miguso haziwezi: kwamba kujishika kunachukua muda.

Chukua koili ya volti 24 ya mkondo mnyoofu, ukinzani omu 240, indaktansi henri 2.4. Mkondo wake wa mwisho ni miliampea 100, lakini haufiki huko mara moja. Ukigawanya indaktansi kwa ukinzani unapata milisekunde 10, na huo ndio mwendo wa kupanda kwake. Tuseme kontakta inaingia mkondo ukifika miliampea 70 na kutoka ukishuka hadi 30. Kufika 70 kunachukua kama milisekunde 12. Ukiigiza kitufe kwa pigo la milisekunde 5, mkondo unafika kama 39 tu, kitufe kinafunguka, na mguso 13-14 haujawahi kusogea. Mchoro ni sahihi, kidole ndicho kilichokuwa chepesi mno. Kidole cha mtu hukaa kwenye kitufe muda mrefu kuliko huo, kwa hiyo toa pigo la milisekunde 200.

Katika LTspice kontakta hii inaigizwa kwa swichi inayoongozwa na mkondo:

.model KON CSW(Ron=0.05 Roff=1Meg It=50m Ih=20m)

Swichi inafungika kwa It kuongeza Ih, yaani 70, na kufunguka kwa It kutoa Ih, yaani 30. Mkondo unapimwa na chanzo cha volti sifuri kilichowekwa kwenye mstari wa koili. Usiache Ih ikiwa sifuri. Bila pengo kati ya kuingia na kutoka, swichi inacheza palepale kwenye mpaka na programu hupunguza hatua za muda hadi inasimama na kulalamika kwamba hatua imekuwa ndogo mno.

Lalamiko hilo lina chanzo cha pili. Koili yenye mkondo ikikatwa ghafla hulazimisha mkondo uendelee. Miliampea 39 zikilazimishwa kupita ukinzani wa omu milioni moja wa swichi iliyofunguka hutoa volti 39,000 kwenye hesabu. Weka dayodi sambamba na koili, upande wa mstari wake ukielekea chanya, na mkondo utapata pa kuzungukia.

Lakini dayodi hiyo inaleta dalili yake. Sasa mkondo unashuka polepole: milisekunde 5 baada ya kubonyeza kitufe chekundu bado kuna kama miliampea 60, juu kabisa ya 30. Ukiwa umeigiza kitufe chekundu kwa pigo fupi kama hilo, kitakuwa kimefungika tena kabla mguso haujaachia, na mota itaendelea kana kwamba hukubonyeza. Refusha pigo la chekundu pia. Kontakta halisi za mkondo mnyoofu zenye dayodi huchelewa kutoka kwa sababu hiyo hiyo.

Koili ya mkondo geu ina hila nyingine. Mkondo unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, na swichi ya CSW inayofuata mkondo ule moja kwa moja itaachia kila mzunguko. Utaona mota ikiwaka na kuzima mara 50 kwa sekunde. Kontakta halisi haifanyi hivyo kwa sababu ina pete ya shaba kwenye uso wa chuma, inayobakisha usumaku wakati mkondo uko sifuri, na chuma chenyewe kina uzito. Katika simulesheni chukua ukubwa wa mkondo bila alama ya kutoa, upitishe kwenye rizista na kapasita zenye muda wa milisekunde 20 hivi, kisha swichi isome hapo. Pete hiyo ikivunjika kwenye kontakta halisi, utasikia ngurumo kali hata kama saketi yako ni sahihi.

Kwenye saketi ya Falstad, angalia muda unaoandikwa kama t. Muda wa ndani ya saketi si muda wa saa ya ukutani. Unaweza kushikilia kitufe kwa sekunde nzima huku ndani zimepita milisekunde chache tu. Ongeza kasi ya simulesheni, au shikilia mpaka uone mkondo umepanda.

Mwisho wa sehemu hii: saketi inayojishika ina hali mbili zinazowezekana, kushika na kutoshika, na zote ni majibu halali. LTspice ikitafuta hali ya mwanzo inaweza kuchagua yoyote, ndipo unakuta mota inazunguka sekunde sifuri bila kitufe kubonyezwa. Anza chanzo chako kwenye volti 0, kisha volti zipande hadi 24 baada ya milisekunde 10. Hivyo saketi inaanza ikiwa imelala, kama paneli inavyolala kabla ya breka kupandishwa.

Jaribio la stima kupotea

Hapa Nairobi jaribio hili si la hiari. Mota ikiwa inazunguka, ondoa chanzo kwenye simulesheni, subiri kidogo, kirudishe. Mota inapaswa kubaki imesimama mpaka mtu abonyeze cha kijani. Fikiria msumeno wa fundi wa mbao Gikomba, au mashine ya kusagia mahindi: stima imepotea, mwenye mashine ameingiza mkono kutoa kilichokwama, na stima inarudi bila taarifa. Kujishika kwa mguso 13-14 kuliwekwa kwa ajili ya mkono huo.

Ikijiwasha, kwanza tafuta swichi inayobaki mahali pa kitufe cha kijani. Kisha, kwenye PLC, tafuta amri za SET (washa na ushike) na RESET (zima). SET inayoandika kwenye biti inayohifadhiwa hata stima ikipotea itaiamsha mota stima ikirudi. Mimi hupendelea mshiko wa kawaida wa kidato kimoja, tokeo likiwa sambamba na kitufe cha kuanza, kwa sababu kidato kikikatika kimekatika.

Chanzo cha tatu hakionekani kwa urahisi: udhibiti una chanzo chake cha pekee. Umechora volti 24 kutoka kwenye alama ya betri na mota kwenye fezi tatu. Ukiangusha fezi tatu peke yake, koili haijui lolote. Inabaki imeshika, na fezi zikirudi mota inaanza palepale. Kwenye paneli halisi hutokea pale udhibiti unapolishwa na UPS, yaani betri ya akiba. Ongeza rilei inayoangalia fezi na uweke mguso wake kwenye mstari wa koili, kabla ya kitufe chekundu. Na kwenye simulesheni jaribu kuangusha vyanzo kimoja kimoja, kisha vyote pamoja.

Pampu ilijaza tangi, haikurudi tena

Saketi hii huchorwa sana kwa sababu nyumba nyingi za kupanga hapa mjini zina tangi juu ya paa na pampu chini. Swichi ya boya imewekwa kwenye mstari mmoja na kitufe chekundu. Tangi likijaa boya linafungua, pampu inasimama. Maji yakishuka boya linafunga tena, lakini pampu haianzi, na msimamizi wa ploti anaambiwa simulesheni ina hitilafu.

Haina. Boya likifunguka linavunja mshiko kama kitufe chekundu kinavyouvunja, na mshiko hauamki wenyewe. Ukitaka pampu ijiwashe, boya likae mahali pa kitufe cha kijani na mguso 13-14 uondolewe, ili boya lenyewe liamue. Weka swichi ya nafasi tatu: mkono, sifuri, otomatiki. Upande wa mkono upite kwenye vitufe na mshiko, upande wa otomatiki upite kwenye boya. Ovalodi ibaki kwenye mstari wa pamoja. Pampu inayojiwasha inahitaji onyo lililoandikwa juu yake, na breka inayoweza kufungwa kwa kufuli anapoishughulikia fundi.

Hapo utakutana na dalili ya mwisho ambayo mara nyingi huonekana tu baada ya kuanza kuchora ukinzani wa waya: kontakta inaingia, mota inaanza, kontakta inaachia, inaingia tena. Mota inayoanzishwa moja kwa moja huvuta mkondo wa mara 5 hadi 8 ya ule wa kazi. Kwa waya mrefu wenye ukinzani wa omu 1 na mkondo wa kuanza wa ampea 50, ukihesabu kwa urahisi bila pembe ya fezi, volti 50 zinapotelea njiani na koili inabaki na 190. Kiwango cha IEC kinaitaka kontakta iingie bila shaka kuanzia asilimia 85 ya volti zake, ambazo kwa 240 ni 204. Chini ya hapo hakuna ahadi. Programu za miguso haziwezi kukuonyesha hili. Dawa ni waya mnene zaidi au stata ya nyota na pembetatu, na kubadilisha kitufe hakusaidii.

Kuipeleka kwenye paneli

Kazi ya kufunga ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi, lakini yeyote anaweza kulinganisha mchoro na paneli iliyokufa kabisa: breka chini, kufuli limewekwa, tesita imethibitisha hakuna stima. Weka multimita kwenye omu, ncha moja baada ya fyuzi ya udhibiti na nyingine kwenye nyutro ya koili. Bila kubonyeza chochote, isome njia iliyokatika. Bonyeza kijani: isome ukinzani wa koili, ambao kwa kontakta ndogo ya 240 ni mamia ya omu. Achilia kijani, sukuma chuma cha kontakta kwa bisibisi: isome namba ile ile, sasa kupitia 13-14. Ukiendelea kusukuma, bonyeza chekundu: njia ikatike. Bonyeza kitufe cha majaribio cha ovalodi badala yake: ikatike tena. Kwa koili ya volti 415 toa nyaya za mota kwanza, la sivyo kusukuma kontakta kutaunganisha fezi mbili kupitia koili za mota na multimita itakusomea hizo. Namba isipobadilika pale ulipotarajia, rudi kwenye dalili inayolingana nayo hapo juu kabla breka haijapandishwa.